Kiunzi Kimelalia Upande Mmoja

Papantla, Veracruz
22 Juni 1987

Mpwa wangu Eleazar,

Sisi tu hai, na kwa umri wangu hiyo ni habari tosha. Mama yako, dada yangu Nicanora, goti limemwachia kidogo, ameanza tena kugombana na kuku wa jirani. Mkaza mjomba wako Eulalia anakusalimu na anauliza kama huko Uhispania mnapata pilipili za maana au mnalamba za kopo. Vanila imeshika vizuri mwaka huu; tulichavusha kwa mkono ua moja moja mpaka vidole vikaota sugu. Sikukuu ya Korpusi, ya Mwili wa Kristo, ilikuwa Alhamisi. Walioruka kwa kamba kutoka juu ya mti ni vijana wa kijiji cha pili, nami nikatazama kutoka benchi la kanisa kama mgeni, maana warukaji wangu wote nimewapeleka ng'ambo.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Nimepata ile kadi ya posta, ile wanayouza hapo kwenye bustani yenu ya michezo. Mtu mwingine akiiona ataona watu wanne wananing'inia kichwa chini kwa kamba, na kiongozi wenu Gaudencio juu ya mti anapiga filimbi, atasema lo, pazuri. Mimi nimeruka miaka ishirini na sita. Mimi nimetazama kiunzi. Zile mbao nne za kileleni mnazofungia kamba zinatakiwa zilale sawa kama meza. Kwenye kadi zimelalia upande mmoja.

Unakumbuka nilivyowapanga. Niliwapandisha kwenye mizani ya mnunuzi wa vanila mmoja mmoja, watu wakacheka, nikawaambia chekeni. Wewe na mwanangu Fidencio mko kwenye kamba zinazotazamana, kilo sitini na tatu wewe, sitini na tatu yeye, hata mfupa wa kuku hauzidi. Mmoja akipungua kiunzi kinainama, kamba inaruka nje ya njia yake, na aliye upande wa pili ndiye anayelipa. Wa upande wako wa pili ni mwanangu.

Kadi haionyeshi nyuso. Lakini jana mke wa mrukaji mwenzenu Hermilo kaja kuazima kinu, na kinu hakiazimwi bila umbea. Anasema mumewe kamwandikia kwamba wewe kila alfajiri unakimbia ufukweni, hata Jumatatu, siku yenu ya mapumziko, na kwamba umekonda kama fito.

Hebu niambie, Eleazar. Unakimbia nini? Au unamkimbiza nani? Sina tabia ya kuficha shaka yangu chini ya mkeka: nakushuku. Nijibu kwa maneno yaliyonyooka.

Ni mimi mjomba wako,
Arcadio

*

Pwani ya Alicante
19 Julai 1987

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa mkaza mjomba. Mwambie pilipili za hapa ni aibu tupu, mtoto mchanga anaweza kuzinyonya. Mama nimemtumia shali kwa mkono wa mtu. Asiihifadhi kwenye sanduku, aivae.

Kazi ipo, tena imezidi. Tunaruka mara nne kwa siku, Jumanne hadi Jumapili. Mti wenyewe ni wa chuma, umesimikwa kwenye zege, na tulipomwambia meneja kwamba shimo la mti linataka kuku na pombe kabla mti haujaingia, alidhani tunaomba chakula cha mchana. Tukishuka tunapigwa picha na wageni. Wanataka tusimame na watoto wao mabegani, na kofia zetu za vioo zinavutwa mpaka shingo inauma. Jumatatu ndiyo siku yetu. Gaudencio analala. Hermilo na yule mwenzake wa kamba ya nne wanacheza domino na kutukanana. Mimi nakimbia.

Ndiyo, nakimbia, sikatai. Kuna watu wa hapa wana chama cha mbio, wanakutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye gati. Mmoja wao anaitwa Amparo, yuko dirishani posta, ndiye aliyenionyesha njia ya kupanda mlimani. Ana umri wa mama, kwa hiyo mkaza mjomba atulie. Ni starehe yangu, Mjomba. Mtu akining'inia kichwa chini mara nne kwa siku, miguu nayo inataka haki yake. Wengine wanakunywa, mimi nakimbia, kosa liko wapi?

Kuhusu kiunzi, picha hudanganya. Inategemea mpigaji alisimama wapi.

Fidencio yupo.

Nina swali moja nje ya hayo. Ule mfungo uliotuapisha siku tunaondoka, mbele ya picha ya Mtakatifu: siku ya kuruka na siku ya mkesha wake, hakuna kula mpaka jua lizame, na likizama hakuna nyama wala chumvi. Mtu aliyeapishwa hivyo anaweza kufunguliwa na nani? Nauliza tu.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Eleazar

*

Papantla
14 Agosti 1987

Eleazar,

Mama yako kavaa shali kwenye joto la Agosti, katembea nayo sokoni mara tatu ili kila mtu amuulize. Mvua zimeanza. Punda wa Eulalia amekufa na tumemlia kuliko tulivyomlilia padri wa zamani.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila nikisoma inanuka. Ati picha hudanganya! Mimi si mtoto wa jana. Kisha unaniuliza mfungo unafunguliwa na nani, "nauliza tu". Mtu hauliziulizi mlango wa zizi kama hataki mbuzi. Kumbe ndiyo hiyo! Umeonja nyama, umeonja na mengine, sasa unataka nikupe ruhusa kwa posta ili dhambi ipate baba. Nilikuapisha wewe na Fidencio kwa sababu ninyi ni damu yangu, na wengine sikuwaapisha. Jibu langu ni hili: anayefunga ndiye anayefungua, na mimi sifungui.

Na huyo Amparo wa posta? Sijauliza umri wake, wewe ndiye uliyekimbilia kunitajia. Dalili ya mvua ni mawingu.

Tena kuna hili. Umeandika kurasa mbili, za domino, za meneja, za milima, na mwanangu umempa maneno mawili. "Fidencio yupo." Mezani yupo? Kitandani yupo? Yeye mwenyewe ananiandikia mstari mmoja: "Baba, mimi salama." Mtoto aliyekuwa akieleza samaki mmoja kwa nusu saa! Nani anamfunga mdomo? Barua zake zinapita mikononi mwa nani kabla hazijafika, ikiwa rafiki yako ndiye mwenye dirisha?

Nasema mara moja. Acha mbio. Kula mpaka urudi sitini na tatu. Ukishindwa, shuka kwenye mti, na nitamwandikia Gaudencio akupandishe ndege. Nilikulea tangu baba yako alipofariki, na sitakuacha umuue mwanangu kwa sababu ya starehe.

Arcadio

*

Pwani ya Alicante
3 Oktoba 1987

Mjomba,

Shikamoo. Poleni kwa punda. Nimekaa na barua yako wiki tano, si kwa kiburi. Kila nikianza kuandika najikuta naandika nisichopaswa kuandika, nachana.

Umeniita mwongo, mlafi, mzinzi na mwuaji, na bado umenilipia stempu. Nimeumia. Niliposoma pale pa kumwua Fidencio nilitoka nikakimbia mpaka nikatapika kando ya barabara, na Amparo akanishika mabega akaniuliza nani amekufa nyumbani.

Sitaacha kukimbia. Siwezi kukuambia kwa nini. Kuna mtu aliniapisha kwa kaburi la bibi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kiapo hakina dirisha la nyuma. Ukimwandikia Gaudencio anirudishe nitarudi, lakini kabla hujafanya hivyo nakusihi, kama ulivyonibeba mgongoni nikiwa na surua, fanya jambo moja.

Ndani ya bahasha kuna picha nyingine. Amparo aliipiga wiki iliyopita kutoka juu ya paa la mgahawa, karibu sawa na kimo chetu. Safari hii nyuso zinaonekana. Nitafute mimi ni yupi. Kisha tazama kiunzi kimelalia wapi. Halafu fanya hesabu uliyotufundisha wewe mwenyewe pale kwenye mizani ya vanila.

Mimi sijasema neno. Nimetuma picha tu.

Eleazar

*

SIMU YA MAANDISHI
Papantla, 26 Oktoba 1987

NIMEONA PICHA. MZITO NI WEWE. FIDENCIO ALE NYAMA NA CHUMVI LEO HII. MFUNGO NIMEUFUNGUA. ARCADIO.

*

Pwani ya Alicante
29 Oktoba 1987

Mjomba,

Leo sina salamu ndefu, nisamehe. Simu yako imefika juzi mchana. Kwa kuwa umejionea mwenyewe, kiapo changu kimekwisha, nami nitasema yote.

Ndiyo. Upande wangu ndio uliolalia chini. Mimi nimekonda, na pamoja na kukonda bado ni mzito kuliko yeye. Fidencio ana kilo hamsini na mbili. Mimi nimejikimbiza mpaka hamsini na sita ili tulingane, na hapo mwili umegoma. Amparo anasema nikipungua zaidi nitaanza kupoteza meno. Hakuna starehe yoyote katika mbio hizi, Mjomba. Nilizichukia tangu siku ya kwanza.

Ni ule mfungo wako. Huko nyumbani tunaruka siku chache kwa mwaka, mtu anafunga, anaruka, anarudi kwenye sufuria. Hapa tunaruka siku sita. Na Jumatatu, siku pekee ya mapumziko, ni mkesha wa Jumanne. Hesabu mwenyewe: hana hata siku moja ya kula. Tangu Machi anakula chapati za mahindi zisizo na chumvi mara moja kwa siku, jua likishazama, na Julai jua la huku linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Nyama hajaonja. Mimi? Mimi niliuvunja wiki ya tatu. Nilikula soseji nimesimama nyuma ya jiko. Hapo ulinishuku sawasawa, na ukinichapa sitakimbia.

Usiniulize kwa nini hatukutumia akili. Tulimfunga mchanga kiunoni ili kuongeza uzito, akaishiwa nguvu ngazini tukamteremsha kwa mikono. Gaudencio amempa mpaka Krismasi aongeze mwili, la sivyo anamrudisha. Fidencio anasema akirudishwa hatashuka basi Papantla, ataendelea nalo litakakokwenda. Nilimwambia, "Mwandikie baba yako akufungue." Akaniambia, "Nikamwombe baba ruhusa ya kuwa dhaifu? Wewe mwombe baba yako." Kisha akakumbuka kwamba mimi sina baba, akaomba radhi, akalia.

Jumamosi alizimia hewani. Alikuja akizunguka kichwa chini, mikono imelegea, mizunguko yote kumi na mitatu, akafika kwenye nyasi bila kugeuka. Watu walipiga makofi, wakadhani ndiyo sehemu ya mchezo.

Sasa sikia balaa lenyewe. Nilimpelekea simu yako mbio mbio. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akaniuliza, "Umemlipa Amparo kiasi gani?"

Nikamwambia, "Wee, una wazimu? Ni baba yako huyo!"

"Baba yangu hajawahi kufungua kitu alichokifunga. Wewe una rafiki dirishani posta. Mmekaa mkaitunga. Unataka niishie kama baba mdogo Policarpo?"

Yaani kakushinda wewe kwa kushuku! Na hiyo hadithi ya mjomba Policarpo sote tumeinyonya na maziwa: alikula ndani ya mfungo, akaanguka kutoka juu ya mti, na mpaka leo mjane wake Otilia haruhusiwi kuweka maua chini ya mti siku ya Korpusi. Nitamjibu nini?

Andika kwa mkono wako. Amri pekee haitatosha, atasema baba kaingiwa na huruma, na huruma haimzuii mtu kuanguka. Mpe sababu. Kama huna, itafute, kwa sababu upepo wa Novemba umeanza na sisi tunapanda kesho mara nne.

Eleazar

*

Papantla
9 Novemba 1987

Mpwa wangu Eleazar,

Msomee Fidencio barua hii kwa sauti, kisha umpe ashike karatasi. Mwandiko wangu anaujua, aliwahi kuchapwa shuleni kwa kuuiga.

Kwanza wewe. Nilikutukana kwa sababu nilikutazama wewe tu. Mke wa Hermilo aliniambia Eleazar amekonda, nami sikuuliza, na mwanangu je? Niliona upande mmoja wa kiunzi, mzee mzima, mwalimu wa warukaji. Nisamehe. Soseji nimekusamehe pia.

Sasa wewe, Fidencio, mwanangu. Umeomba sababu, nami ninayo. Ninayo tangu mwaka 1958, na hata padri sijamwambia.

Siku ya Korpusi mwaka huo tuliruka mimi na mdogo wangu Policarpo. Kiongozi wetu alikuwa mkali, alitupa mfungo wa siku tisa. Policarpo aliufunga wote. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, ndiyo kwanza ameoa, alitaka kila kitu kiwe safi. Mimi siku ya saba nilishindwa. Nilinunua mkate wa mahindi wenye nyama ya nguruwe, uliofungwa kwa jani la mgomba, kwa mama mmoja wa sokoni, nikala nyuma ya ukuta wa kanisa, moto moto, mafuta yakinichuruzika viganjani. Siku ya nane nikala tena. Lile jani la mgomba nililitia ndani ya mfuko wetu, mimi na yeye tulikuwa na mfuko mmoja, ili mtu asilione chini.

Siku ya tisa tulipanda. Policarpo alifika juu midomo imekuwa myeupe. Nikamwambia, "Kaa kwanza." Akasema, "Niko sawa, kaka." Akanyanyuka ili ajifunge kamba kiunoni, miguu ikamlegea, na hakuwa amejifunga. Nilinyoosha mkono. Ulikuwa na nguvu, mkono wa mtu aliyeshiba, lakini haukumfikia.

Wazee waliufungua mfuko wetu jioni ile wakakuta jani. Wakauliza, "Hili la nani?" Wote walikuwa wananitazama, baba yangu akiwamo. Nikasema, "La marehemu."

Basi. Hiyo ndiyo hadithi mliyoinyonya na maziwa. Aliyekula ni mimi, na nina miaka hamsini na minne, natembea, nalalamika, napiga miluzi. Aliyefunga ndiye aliyekufa, na alikufa kwa njaa, mwanangu, si kwa dhambi. Nilijua hivyo tangu siku ile, na bado nilikuapisha wewe mfungo uleule. Mtu akidanganya muda mrefu hivyo huanza kuulinda uongo wake kuliko watoto wake. Naona haya hata kuandika.

Kwa hiyo si huruma. Ni mimi ninayeogopa kumpoteza mtu wa pili kwa jani lilelile.

Najua pia utasema: baba kaitunga hii kuniokoa. Ndiyo maana barua nimeiacha wazi tangu asubuhi, nikaenda kwanza kwa Otilia, ili kuwe na shahidi asiye na sababu ya kunipendelea. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Hakunipa kiti. Nikamwambia yote nimesimama, jani, ukuta wa kanisa, mkono, neno nililowajibu wazee. Miaka ishirini na tisa watu wamekuwa wakimpita yule mama kama mke wa mvunja kiapo, nami nikiwa mmoja wao. Hakulia, na hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Akaliweka chini, akaniuliza mtoto ana kilo ngapi sasa. Nikamwambia hamsini na mbili.

"Basi unasimama hapa kufanya nini?" akasema. "Kaipeleke barua, mtoto ale. Mimi na wewe tutaonana ikishafika."

Arcadio